Kasaji: Haki ya Avoka Isiishie Kolwezi

KASAJI (Lualaba) – Kila mtu wa Kasaji anajua namna jambo hili linavyokwenda. Kijana anakamatwa mchana, sokoni ama karibu na stesheni. Jioni habari inafika nyumbani: mtoto yuko kasho. Mama anafunga kitambaa, anabeba bukari na sombe, anakwenda. Mlangoni anaombwa kitu kidogo ili amwone mtoto wake. Kesho yake anaombwa kingine, wanasema ni cha karatasi. Siku ya tatu anatokea bwana mmoja mwenye koti na mfuko wa dosie. Anasema yeye ni mtu wa sheria, anajua milango yote ya parke, mama alete dola hamsini. Mama anauza mbuzi. Bwana haonekani tena. Mtoto bado yuko ndani, na hakuna aliyemwambia mama neno ambalo alipaswa kuambiwa tangu saa ya kwanza: mtoto huyu ana haki ya kuwa na avoka.

Watu wamezoea. Wanaita jambo hilo bahati mbaya, kama mvua inayobomoa nyumba. Lakini hakuna bahati hapa. Kuna sheria ambayo haifuatwi, na kuna watu wanaokula kwa sababu haifuatwi.

Katiba ya nchi hii, ya tarehe 18 Februari 2006, iko wazi. Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, na aambiwe mashtaka yake kwa lugha anayoielewa. Kinasema aelezwe haki zake papo hapo, na aruhusiwe kuwasiliana mara moja na jamaa yake ama na wakili wake. Kinasema polisi hawezi kumshika zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe ama apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria wenye uwezo. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba kila mtu ana haki ya kujitetea mwenyewe ama kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua, katika hatua zote za kesi, hata wakati polisi anaanza kuuliza maswali. Kifungu cha 61 kinakaza zaidi: haki ya kujitetea haiwezi kuondolewa hata nchi ikiwa katika hali ya dharura.

Kama vita yenyewe haiwezi kuondoa haki hiyo, ni kitu gani kinaiondoa Kasaji? Jibu ni barabara, umaskini, na watu kunyamaza.

Kutoka hapa mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 200. Korti ya rufaa ya Lualaba iko Kolwezi, na chama cha mawakili wa jimbo, barreau, kiko huko huko. Mtu wa Kasaji anayetaka avoka lazima kwanza apate nafasi kwenye lori, ama angoje treni ambayo hakuna anayejua saa yake, ama akodi pikipiki na kulala njiani. Wakati wa mvua safari hiyo inakula siku na siku. Na anapofika Kolwezi bado hajaanza kulipa wakili; amelipa tu njia.

Wakati huo saa za sheria zinatembea. Baada ya saa 48 za polisi, parke inaweza kutoa waranti ya kumshika mtu kwa muda, na ndani ya siku tano lazima apelekwe mbele ya jaji. Jaji akikubali abaki ndani, ruhusa yake ya kwanza ni ya siku 15. Baadaye inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi, na kwa makosa madogo sheria inaweka mpaka wa kuongeza. Hayo yote yameandikwa katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959. Sheria hiyo inasema pia kwamba kama jaji hayuko mahali hapo, zile siku tano zinaongezwa muda wa safari unaohitajika kabisa, basi. Kwa mtu wa Kinshasa maneno hayo hayana uzito. Kwa mtu wa Kasaji, hapo ndipo mtego ulipo. "Safari" inakuwa neno la kufunika kila uchelewaji: hakuna gari, hakuna mafuta, polisi wa kusindikiza hayupo. Mshitakiwa anahesabiwa siku za safari ambayo haijaanza.

Avoka anafanya nini katika jambo kama hilo? Watu wengi wanafikiri kazi yake ni kusema Kifaransa kirefu mbele ya majaji. Kazi yake kubwa iko kabla ya hapo. Anauliza tarehe na saa ya kukamatwa. Anasoma waranti na kutazama kama imekwisha. Anasoma jina la kosa lililoandikwa na kuuliza kama linafanana na jambo lililotokea. Anamwomba jaji amwachilie mtu kwa muda akiwa nje, na kama jaji anataka dhamana ya pesa, anahakikisha pesa hiyo inawekwa kwa karani wa mahakama kwa risiti, ili irudishwe kama sheria inavyotaka.

Lile jina la kosa ndilo jambo la kuangalia sana. Kifungu cha 61 cha Katiba kinakataza kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Lakini anayedai pesa zake anajua njia: anakwenda kwa afisa wa polisi, na deni linaandikwa kama "kuvunja uaminifu" ama "udanganyifu." Deni limevaa nguo ya kosa la jinai, na mtu analala kasho mpaka jamaa walipe. Kifungu cha 17 kinasema hakuna mtu anayeweza kukamatwa kwa kosa la mwingine. Hata hivyo, mtoto akikimbia, mara ngapi mama ama mdogo wake anachukuliwa akae mahali pake? Avoka akiwa mlangoni, mambo hayo mawili yanakufa siku ile ile. Asipokuwapo, yanageuka kuwa biashara.

Na kuna makosa ambayo si mchezo. Wizi wa kutumia silaha, katika kitabu cha adhabu cha Kongo, unaweza kuleta adhabu ya kifo. Mwezi wa Machi 2024 serikali iliondoa ile amri iliyokuwa imesimamisha kutekeleza adhabu hiyo. Kwa hiyo kijana anayeandikiwa neno moja baya kwenye procès-verbal, katika chumba ambamo hana mtu wa kumsaidia, kwa lugha ambayo haisomi, anaweza kuwa ametia sahihi juu ya maisha yake. Sheria inataka aambiwe mashtaka kwa lugha anayoielewa. Haikusema Kifaransa. Kama anaelewa Cokwe, iwe Cokwe. Kama ni Lunda, iwe Lunda. Kama ni Tshiluba, iwe Tshiluba.

Wako wanaosema: avoka ni wa wezi, mtu mwema hahitaji avoka. Neno hilo linasikika hata katika makanisa. Waliolisema wakumbuke kesi ambayo nchi nzima iliitazama kwenye televisheni mwaka 2020, ile ya Vital Kamerhe na kazi za siku 100. Tarehe 20 Juni 2020 alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu. Mwaka uliofuata rufaa ikapunguza mpaka 13. Mwaka 2022 Korti ya kasasio ikavunja hukumu hiyo, na mwezi wa Juni mwaka ule ule Korti ya rufaa ikamwachilia huru. Mtu anaweza kufurahi ama kukasirika juu ya mwisho huo. Jambo moja halina ubishi: bila kundi la mawakili waliokata rufaa kwa wakati, kesi hiyo ingekwisha siku ya kwanza. Mwaka 2025 Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, aliposhitakiwa mbele ya Korti ya kasasio, naye hakusimama peke yake. Alikuwa na mawakili, ingawa sheria anaijua kwa kazi yake. Kama waziri wa sheria anahitaji avoka, mchoma makala wa Kasaji atawezaje bila yeye?

Muda wa kukata rufaa ni siku kumi tu baada ya hukumu kutolewa. Siku kumi. Mtu aliyehukumiwa mbali na nyumbani, bila wakili, asiyejua kusoma, siku hizo zinapita akiwa bado anauliza hukumu ilisema nini. Baada ya hapo mlango unafungwa, na kosa la mahakama linakuwa ukweli wa dosie.

Wahami ndio wanaoumia zaidi. Jamaa waliokimbia vita ya Kasaï mwaka 2016 na 2017, wale waliofukuzwa Angola mwaka 2018, na wale waliohamishwa na migodi upande wa Kolwezi, wengi wanaishi bila karatasi. Karatasi ziliungua, zilipotea, ama hazikutolewa kamwe. Wakisimamishwa njiani wanaulizwa karatasi. Wakikosa, wanaulizwa pesa. Wakikosa pesa, wanalala ndani. Kijana wao anayetafuta kazi ya kuchimba anaingia mahali bila kadi ya mchimbaji wa mkono, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba kodi ya madini ya 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inataka kadi, inataka ushirika, na inataka eneo lililotengwa. Anakamatwa kama mwizi. Hana mjomba kwenye kartie, hana kapita anayemjua, hana mchungaji wa kumsemea.

Kwa hao pia sheria haikukaa kimya. Kifungu cha 18 kinasema "kila mtu." Hakikusema kila mwenyeji, wala kila mwenye kadi ya uchaguzi. Na kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wahami wa ndani, za mwaka 1998, zinawataka wakubwa wa nchi wawape wahami karatasi zilizopotea bila kuwawekea masharti yasiyo ya haki. Kukosa karatasi ni kazi ambayo serikali haijamaliza. Haiwezi kugeuzwa kuwa kosa la mhami.

Sasa, nani ana hatia?

Wa kwanza ni serikali. Nchi hii ilikubali tangu mwaka 1976 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, unaosema mshitakiwa asiye na uwezo apewe mtetezi bila kulipa, kila mara haki inapodai hivyo. Katiba, kifungu cha 215, inaweka mikataba kama huo juu ya sheria za kawaida. Lakini hakuna anayelipa. Wakili anayetetea maskini anaambiwa afanye kazi hiyo kwa moyo, na moyo haujazi tangi la pikipiki mpaka Kasaji.

Wa pili ni barreau yenyewe. Sheria ya mawakili ya tarehe 28 Septemba 1979 inataka kila barreau iwe na ofisi ya kuwasaidia bure watu wasio na uwezo, ile inayoitwa Bureau de consultation gratuite. Ofisi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu wa mjini tu. Jimbo la Lualaba halikomei kwenye lango la mwisho la Kolwezi. Linafika Mutshatsha, linafika Kasaji, linafika Dilolo kwenye mpaka wa Angola. Barreau inayokusanya michango ya wanachama wake kwa jina la Lualaba nzima lazima ijibu kwa ajili ya Lualaba nzima. Tena inajua kwamba watu wa uongo wanatumia jina la avoka kula pesa za wajane. Jina hilo ni mali yake. Ilinde.

Mawakili watajibu: tutakula nini? Swali ni la haki, na jibu liko chini ya ardhi ya jimbo hili. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Kodi ya madini ya 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 25 ni ya jimbo lote, hata ya teritwari ambayo haina mgodi mkubwa. Kasaji haichimbi shaba kama Kolwezi, lakini ni Lualaba. Liwali wa jimbo na wabunge wa jimbo hawawezi kusema hakuna pesa za kuleta mawakili wawili na majaji mara moja kwa mwezi. Wanaweza kusema tu kwamba hawajapenda. Basi waulizwe, na wajibu mbele ya watu.

Wala hakuna anayeomba jambo la ajabu. Sheria inaruhusu mahakama kutoka na kukaa mahali pengine kusikiliza kesi. Malawi, nchi maskini kuliko Kongo yenye madini, ilianza mwaka 2000 kupeleka wasaidizi wa sheria ndani ya magereza. Hao si mawakili. Ni watu waliofundishwa kueleza mshitakiwa haki zake, kuandika majina ya walioshikwa kupita muda, na kupeleka majina hayo kwa majaji. Tanzania nayo ilitunga mwaka 2017 sheria ya msaada wa kisheria inayowatambua wasaidizi kama hao. Kasaji ina walimu, wauguzi, makatekista, na vijana waliomaliza shule ya sekondari na kukaa bila kazi. Kumi kati yao, wakifundishwa vizuri na barreau, wanaweza kubadilisha kasho za teritwari nzima.

Wa tatu mwenye hatia ni jamii yenyewe, na hilo lisemwe bila kuona haya. Jamaa wengi hawatafuti wakili. Wanatafuta mtu anayejua mtu. Dola ishirini za matabishi zinaonekana rahisi kuliko mia za avoka. Lakini matabishi hayana risiti. Yakiliwa leo, kesho wanakuja wengine wanaotaka yao, na dosie bado iko juu ya meza. Kila anayelipa ili mtoto wake atoke anapandisha bei kwa mama wa jirani. Matabishi ni kuni. Anayeyaleta asishangae moto unaendelea kuwaka.

Kuna mambo ambayo jamaa wanaweza kufanya kuanzia leo, kabla liwali hajajibu. Waandike siku na saa ya kukamatwa, na jina la aliyekamata kama linajulikana. Waulize kosa limeandikwaje. Mshitakiwa akumbushwe kwamba procès-verbal lazima asomewe kwa lugha yake, na kwamba hakuna sheria inayomlazimisha kutia sahihi kwenye kitu asichokielewa. Mtu akisema yeye ni avoka, aonyeshe kadi ya barreau, na jina lake liulizwe kwa bâtonnier, mkubwa wa mawakili, kama liko kwenye orodha. Wakubaliane bei kwa maandishi, na kila franka iwe na risiti. Wasisahau pia watetezi wa mahakama, wale défenseurs judiciaires: sheria ya 1979 inawaruhusu kutetea mbele ya mahakama ya amani na mahakama kuu ya kwanza, na mara nyingi bei yao iko chini. Asiye na kitu aombe kwa huduma ya mambo ya kijamii karatasi ya kuonyesha kwamba hana uwezo, kisha aipeleke kwenye ofisi ya msaada wa bure ya barreau. Makanisa na vyama vya wahami vinaweza kuchanga nauli ya mjumbe mmoja abebe maombi ya watu kumi kwa safari moja.

Lakini hayo ni maji ya kuzimia moto, si nyumba. Nyumba ni hii: avoka na mtetezi wa mahakama wafike Kasaji kwa zamu inayojulikana, kila mwezi, orodha ya mawakili wa kweli ibandikwe sokoni, stesheni na kwenye ofisi ya mji, na isomwe kwenye redio, parke ipite kasho zote na kuwatoa waliozidisha saa 48, na daftari la walioshikwa lifunguliwe kwa jamaa yeyote anayeuliza, bila kulipa.

Wakubwa wanapenda kusema kwamba haki ni polepole. Kasaji haijalalamika kwamba haki ni polepole. Inalalamika kwamba haikupanda gari. Wakati wanapoendelea kungoja, usiku huu pia kuna mama anayetembea na bakuli la bukari, na mtu mwenye koti anamngojea mlangoni. Avoka wa kweli angetosha kumfukuza mtu huyo.